Mzunguko wa Pili

Klaudia alikuwa hajalia. Wanawake wenzake walikuwa wameshalia wakachoka, wakanyamaza, wakalia tena, na yeye ameketi tu juu ya nyasi zilizotandazwa sebuleni kwa marehemu, macho makavu, vidole vikichezacheza mapajani kama vya mtu anayetafuta funguo gizani. Watu walianza kumtupia jicho. Na kwa nini wasimtupie? Mzee Ishengoma, aliyelala ndani ya lile jeneza, ndiye aliyempokea gereji wakati Muleba nzima ilikuwa inamcheka. Ndiye aliyemfundisha kushika spana, akamwita binti yangu mbele ya mafundi wanaume mpaka wakazoea. Leo anazikwa, na huyo binti hana hata chozi la kuazima.

Mwenyewe alijishangaa. Alilala pale pale na wanawake, ubavu kwa ubavu, na kila alipofumba macho kitu kikamgutusha. Haikuwa huzuni. Huzuni ingekuwa afadhali, maana huzuni unajua pa kuiweka. Hiki kilikuwa kama mbu: ukiwasha taa humwoni, ukizima anarudi sikioni. Alijua kuna jambo ameliacha nusu, ila ni jambo gani, kichwa kiligoma kumwambia.

Jeneza lilipotolewa nje na kuwekwa chini ya turubai, pembeni mwa kibanja, shamba la migomba la nyumbani, Mutembei akasimama kusoma wasifu. Mutembei ni mpwa wa marehemu, tena ni mwenyekiti wa kitongoji, kwa hiyo ana sababu mbili za kupenda kusikika. Alisoma kuzaliwa, akasoma ubatizo na ndoa, na alipofika kwenye kazi akakunja karatasi, akaanza kuongea kwa kichwa.

“Ndugu waombolezaji, nani hapa hakuwahi kugombana na mjomba? Umeleta gari, mkanda mpya umefungwa, unaona kabisa kazi imekwisha, una haraka zako. Mjomba anakwambia subiri. Anachukua racheti, anaizungusha injini kwa mkono, polepole, mzunguko wa kwanza, mzunguko wa pili. Unamwambia, Mzee, si upige tu funguo? Anakujibu: wa kwanza wa mashine, wa pili wa watu watakaopanda!”

Waombolezaji wakacheka kile kicheko cha msibani, cha chinichini, na bibi mmoja akatikisa kichwa akifuta machozi. Klaudia hakucheka.

Hakuzungusha.

Sasa alikumbuka yote, kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Jana alasiri alikuwa gereji, ameinama juu ya pikapu ya Kahangwa, ile dabo kabini ya dizeli, yenye safu mbili za viti, inayobeba ndizi na abiria kwenda Bukoba. Mkanda wa taimingi ulikuwa umechoka, akaweka mpya. Mkanda ule si wa kuchezea. Ndio unaoziambia valvu zifunguke lini, ndio unaoiambia pampu itupe dizeli lini. Kila puli, gurudumu linalozungushwa na mkanda, ina alama yake, na alama zote lazima zikae mahali pake kwa wakati mmoja. Alikuwa ameshalinganisha alama ya chini, ameshalinganisha ya juu, na ile ya pampu alikuwa ameishikilia kwa spana, maana pampu ile ina springi ndani, ikifika kwenye alama haitaki kutulia, inataka kuruka. Mkanda ulikuwa umekaa. Boliti ya tenshena, ile puli ndogo inayoukaza mkanda, alikuwa ameiacha legelege makusudi, kwa sababu ndivyo kazi inavyokwenda: unazungusha injini mara mbili kwa mkono, unahakiki alama, ndipo unakaza.

Hapo hapo ndipo yowe lilipopigwa. Likaja kutoka juu mlimani, likapokewa kibanja kwa kibanja, na jina ndani yake likawa la Ishengoma. Klaudia aliachia spana, akakimbia na mafuta mikononi.

Na kurudi baadaye kumalizia isingewezekana. Kwao kukiwa na maiti juu ya ardhi hakuna anayeinua jembe, hakuna anayepasua kuni, na racheti ndiyo usiseme. Ukisikika unagonga chuma wakati wenzako wanaomboleza, chama cha kuzikana kitakuita, na watakachokwambia hutakisahau. Kwa hiyo alijua gari lingelala pale pale, boneti wazi, mpaka msiba upite.

Lakini asubuhi ile, akiwa bado kwenye nyasi, binti yake Joanitha alimpigia simu. Joanitha ana mimba iliyoingia mwezi wa kujifungua, mumewe yuko Mwanza kikazi, na alikuwa anakwenda Kibeta, Bukoba, kwa shangazi yake Alistidia ili awe karibu na hospitali. “Mama, gari la Kahangwa liko tayari, nipande?” Na Klaudia, kichwa kimejaa vilio vya watu na kazi ya jana imemtoka kabisa, akajibu, “Panda mwanangu, si nimelishika kwa mikono yangu?”

Liko tayari! Nani alilifanya liwe tayari?

Aliinuka katikati ya wasifu, akapita nyuma ya jiko, akamkuta mumewe kwenye migomba pamoja na wanaume waliokuwa wamemaliza kuchimba kaburi. Rugaibula ni mkulima wa kahawa, mpole, mtu wa kusaidia hata asipoombwa. Ndiyo sifa yake, na siku ile ndiyo iliyokuwa balaa lake.

“Nani alifunga gari la Kahangwa?”

“Mimi,” alisema, tena kwa fahari kidogo. “Alikuja alfajiri na abiria wake wanamsubiri. Nikaona mkanda uko ndani, kava tu ndilo halijarudi. Nikafunga, nikarudisha na feni. Usiwe na wasiwasi, nilifunga taratibu kabisa, hakuna aliyesikia.”

“Ulizungusha?”

Rugaibula anajua kuzungusha, ameoa fundi, ameona racheti ikizunguka miaka yote hiyo.

“Klaudia, racheti ile inalia kra-kra-kra mpaka barabarani. Na msiba huu! Nikasema wewe utakuwa umeshazungusha.”

“Boliti ya tenshena je, uliikaza?”

“Boliti ipi?”

Mungu wangu. Klaudia alishika mgomba uliokuwa karibu ili asimshike mumewe. Alitaka kumtukana, tena alikuwa na maneno tayari, lakini angemtukanaje mtu aliyeogopa kumkosea heshima marehemu? Mwenyewe ndiye aliyeacha kazi bila kumwambia mtu neno. Hata kuandika kwa chaki kwenye kioo, usiwashe, hakuandika.

Akampigia Kahangwa.

“Fundi! Pole sana na msiba,” Kahangwa akapokea kwa sauti ya mtu mwenye furaha. “Waitu, jamani, gari hili halijawahi kuvuta hivi!”

“Uko wapi?”

“Muhutwe hapa, naongeza mikungu. Nikimaliza naondoka.”

“Usiondoke. Usiwashe kabisa. Nakuja.”

Kahangwa akacheka. “Fundi, msiba umekuchanganya, wala sikulaumu. Gari linakwenda kama jipya. Lina kelele kidogo tu, kama mtu anakaanga bisi, lakini nguvu, acha kabisa!”

Kama bisi. Klaudia aliijua kelele ile. Alipoachia spana jana pampu iliruka jino moja mbele, sasa inatupa dizeli kabla ya wakati wake, na injini inajipiga nyundo yenyewe kwa ndani. Ndiyo maana inavuta. Inavuta kama mtu mwenye homa anavyopata nguvu za kurusha blanketi. Na mkanda unashikiliwa na kaspringi tu. Kwenye tambarare utavumilia. Kwenye mteremko mrefu wa kushuka Bukoba mjini, dereva akiachia mafuta na mzigo ukaanza kuisukuma injini, upande uliolegea ndio utakaovutwa, na mkanda utaruka. Ukiruka, valvu zinakutana na pistoni, injini inazimika hapo hapo, usukani unakuwa mzito, na breki zinakuwa ngumu kama jiwe, kwa sababu nguvu ya kuzilainisha inatoka kwenye injini ile ile.

“Kahangwa, nisikilize, binti yangu yumo humo!”

“Na ndiyo maana namwendesha kama yai. Haya, wenye mzigo wananisubiri, tutaongea.”

Akakata. Akapigiwa tena, hakupokea. Kahangwa ana tabia nzuri ya kutopokea simu akiwa kazini, na ile ya kwanza aliipokea kwa heshima ya msiba tu. Klaudia akampigia Joanitha, hakupatikana.

Padre alikuwa ameanza kubariki kaburi. Klaudia alijua kinachofuata: jeneza litashuka, udongo utawekwa, kisha mashada. Shada la mafundi wote wa Muleba lilikuwa ndani, limeandikwa jina lake, na ndiye atakayeitwa mbele. Kuondoka mazikoni kabla ya udongo kurudi ni tusi. Kuondoka kwake yeye, mbele ya mjane, hakuna jina. Na njia ya kutokea ilikuwa moja, inapita kati ya turubai na kaburi.

Alipiga moyo konde, akapita. Alipita akiwa ameinamisha kichwa, khanga imefungwa vibaya, viatu mkononi. Minong'ono ikamfuata. “Anakwenda wapi huyu?” “Ala! Hata machozi hana, sasa na miguu haitulii?” Mutembei akakohoa kwa nguvu. Bibi Dativa, mjane, alikuwa ameketi kwenye kiti kando ya jeneza, akainua uso akamtazama. Klaudia akaendelea kutembea.

Barabarani bodaboda walikuwa wamejipanga wakisubiri watu wa kurudi. Akamrukia Ismael, ambaye anajulikana kwa mambo mawili, kupiga soga na kukimbiza pikipiki.

“Gereji kwangu kwanza, kisha njia ya Bukoba. Lifukuzie gari la Kahangwa.”

“Mama Joanitha, si mnazika?”

“Ismael, washa pikipiki!”

Gereji alibeba alichokiona mbele yake, soketi, spana, racheti, akavitupa kwenye mfuko wa salfeti akaukumbatia. Wakatoka Muleba wanapepea. Upepo ulimtoa machozi lakini hayo hayahesabiwi. Kila kona alitarajia kuona mikungu ya ndizi imemwagika barabarani. Alijilaumu, akamlaumu Rugaibula, akamlaumu Kahangwa, kisha akamgeukia marehemu mwenyewe: nawe Mzee, ulishindwa kungoja nikaze boliti moja? Aliposikia anavyowaza akaona aibu, akaomba radhi kimoyomoyo, kisha akaanza kulaumu upya.

Muhutwe walikuta maganda ya ndizi na watu wakiokota ndizi zilizodondoka. “Kahangwa? Ameondoka sasa hivi tu.”

Akampigia Joanitha, safari hii akapata.

“Mwanangu, sikiliza, usiulize. Gari hilo bovu. Nililiacha halijakamilika. Mwambie Kahangwa asimame.”

Akamsikia Joanitha akimwambia Kahangwa, akasikia na Kahangwa akijibu kwamba fundi amefiwa na mwalimu wake, tumwonee huruma, na abiria wa nyuma wakicheka. Kwa mbali, chini ya vicheko, ile bisi ilikuwa inakaangwa. Sasa ilikuwa imezidi.

“Hataki, Mama.” Joanitha akashusha sauti. “Ngoja. Niachie mimi.”

Mtoto huyu tangu utoto ni mjanja, na ujanja wake humtangulia kufikiri. Klaudia alisikia yowe ndani ya simu, yowe la mwanamke mwenye uchungu, limepigwa vizuri mpaka yeye mwenyewe akashtuka. “Mama wee! Simamisha gari, nakufa! Simamisha!”

Na Kahangwa angefanya nini? Wewe ungefanya nini, una mwanamke anajifungua kwenye kiti chako na hospitali iko Bukoba? Kahangwa si mtu mbaya. Alikanyaga mafuta.

“Tulia mama, nakufikisha! Shikeni, jamani, shikeni!”

“Sina uchungu!” Joanitha akawa anapiga kelele sasa. “Nimedanganya! Sina uchungu, punguza!”

“Wote husema hivyo!” Kahangwa akajibu, na simu ikakatika.

Ismael alikuwa amesikia yote. Akainama juu ya usukani, pikipiki ikaanza kulia kama inayochunwa.

Kemondo waliipita bila kuona ziwa wala watu. Klaudia alikuwa anasali, lakini sala yenyewe ilikuwa vipande, Salamu Maria, jino moja, umejaa neema, boliti, Bwana yu nawe, kule juu wasifike. Kule juu, barabara ikishamaliza kupanda, kuna Kyetema, halafu ndio mnaanza kuelekea mteremko wa mjini. Wakifika mteremkoni kabla yake, basi tena.

Waliliona gari kwenye mpando. Lilikuwa linapanda kwa shida, mikungu imerundikwa mpaka juu, moshi mweusi unatoka nyuma na mvuke mweupe unatoka mbele. Injini iliyowahishiwa dizeli huchemka, na hii ilikuwa inachemka kama sufuria ya maharage. Mwenye akili angesimama aiongezee maji. Kahangwa alikuwa na mwanamke anayejifungua, hakuwa na habari na maji.

“Pita!” Klaudia akampiga Ismael mgongoni. “Pita, unishushe mbele yake!”

“Atatugonga!”

“Agonge!”

Ismael akapita upande wa kulia, akakata mbele, na pikipiki haijasimama sawasawa Klaudia akawa ameruka, salfeti la vyuma limemtangulia chini na kumwagika. Akasimama katikati ya barabara kwa khanga ya msiba, miguu mitupu, mikono juu. Kahangwa akafunga breki, mikungu ikasogea mbele, abiria wakapiga kelele, gari likasimama karibu naye kiasi cha kusikia joto la boneti kifuani.

“Umerukwa na akili?” Kahangwa aliruka nje. “Binti yako anajifungua!”

“Hajifungui mtu,” Joanitha akasema kutoka dirishani, huku analia. “Nimekwambia toka kule chini.”

“Zima injini,” Klaudia akasema.

“Fundi, mimi...”

“Zima, Kahangwa!”

Akazima. Kukawa kimya, maji yakitokota tu ndani ya rejeta. Walingoja ipoe, na katika kungoja huko Klaudia hakuweza kukaa. Aliokota vyuma vyake kimoja kimoja, akavipanga, akavipangua. Akamshika Joanitha tumbo, akamkaripia kwa uwongo wake, akambusu. Abiria walikaa kwenye majani kando ya barabara wakinung'unika kuhusu muda. Kahangwa akanung'unika pamoja nao, kwa sauti ya kusikika, kwamba mwanamke akifiwa angekaa akalia badala ya kusimamisha magari ya watu.

Injini ilipopoa, Klaudia akafungua kava la juu. Akamwita Kahangwa kwa kidole, akamwonyesha boliti ya tenshena.

“Ishike.”

“Kwa spana gani?”

“Kwa vidole.”

Kahangwa akaishika kwa vidole viwili. Ikazunguka. Akaizungusha mara ya pili, kama asiyeamini, ikamfuata tena. Ukingo wa mkanda mpya ulikuwa umeanza kutoa nyuzi, kama khanga iliyochanika pindo. Kahangwa akatazama mbele, kule barabara inakokwisha kupanda, akatazama abiria wake, akavua kofia bila kuambiwa na mtu.

“Nisamehe, fundi.”

“Kosa ni langu. Wewe ni kichwa ngumu tu. Njoo unisaidie.”

Akairudisha injini kwenye alama. Ya chini ikakaa. Ya juu ikakaa. Ya pampu ilikuwa jino moja mbele, kama alivyojua. Akaulegeza mkanda, akairudisha puli ya pampu kwa spana mpaka alama ikatazamana na mwenzake, kisha akamkabidhi Kahangwa ile spana.

“Shika hapa. Itataka kukuponyoka. Ukiachia tunaanza upya.”

Kahangwa aliishika mpaka jasho likamdondoka puani, hakuachia. Klaudia akauvisha mkanda, jino kwa jino, akaiacha springi ya tenshena ivute. Kisha akachukua racheti.

Simu yake ikalia. Alikuwa Rugaibula. Akaiweka sikioni kwa bega.

“Umempata?”

“Nimempata. Mzima.”

Rugaibula akavuta pumzi ndefu mno, pumzi ya mtu aliyekuwa ameibana kwa saa nzima. Kisha akasema kwa unyonge, “Huku wamemaliza. Walikuita uweke shada. Wakakuita mara tatu.”

Klaudia akaikata simu. Akasimama na racheti mkononi. Alijua wamesema nini walipoita mara ya tatu na pasitokee mtu, alijua na nani alisema. Joanitha akamsogelea.

“Basi malizia, Mama,” akasema taratibu.

Akaanza kuzungusha. Kra-kra-kra, racheti ikalia mbele ya watu na hakuna aliyeikataza. Mzunguko wa kwanza ukafika, alama ya chini ikarudi. Mwingine angeridhika. Akaendelea, mkono mmoja kwenye racheti, mwingine umegusa mkanda kuusikiliza, polepole, na alipokuwa anaumaliza mzunguko wa pili alama zote zikaja, ya chini, ya juu, ya pampu, zikasimama mahali pake. Akakaza boliti. Akaikaza mpaka ikalia, kisha akairudia tena.

Kahangwa akapiga funguo. Injini ikawaka, ikatulia, ikawa inanguruma tu kama siku zote. Bisi zilikuwa zimekwisha.

“Haina nguvu kama mwanzo,” Kahangwa akasema, halafu akaona jicho la fundi. “Nilikuwa natania.”

Klaudia alisimama barabarani mpaka gari likapotea upande wa Kyetema, na hakupanda pikipiki mpaka Joanitha alipompigia kusema wamefika Kibeta, shangazi Alistidia ameshamwandalia ndizi na amekataa kuamini hata neno moja la habari hii.

Kurudi ndiko kulikokuwa kugumu. Alimwomba Ismael aendeshe polepole, na Ismael, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaendesha polepole. Jua lilikuwa linashuka walipofika. Kaburi lilikuwa kwenye migomba, limefunikwa mashada, na la mafundi lilikuwa pembeni kidogo, limewekwa na mtu mwingine. Turubai lilikuwa bado. Klaudia akapita tena njia ile ile, safari hii watu wote wamemwona kwa mbali na wamenyamaza makusudi. Mutembei akageuza kiti akampa mgongo.

Aliingia sebuleni. Wanawake walikuwa kwenye nyasi, na hakuna aliyesogea kumpa nafasi. Akapiga magoti mbele ya Bibi Dativa, mikono nyuma, maana ilikuwa myeusi kwa oili, akatafuta pa kuanzia. Aanzie kwa Rugaibula? Aanzie kwa boliti? Kila alipoanzia palionekana ni kujitetea.

Bibi Dativa akanyoosha mkono, akauvuta mkono wake kutoka mgongoni, akaugeuza kwenye mwanga. Akaunusa.

“Ulizungusha?” akauliza.

“Nilizungusha, Mama.”

“Mara ngapi?”

“Mara mbili.”

Mjane akaitikia kwa kichwa taratibu. “Siku ya harusi yetu aliniacha mlangoni pa kanisa,” akasema, na sasa alikuwa anawaambia wanawake wote. “Nimevaa shela, watu wananitazama, padre anatazama saa. Kumbe yuko nyuma ya kanisa anazungusha injini ya gari lililotuleta, eti umebaki mzunguko mmoja. Akaja madhabahuni na mikono hii hii. Nilimnunia mwaka mzima.”

Mwanamke mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Bibi Dativa akajisogeza kwenye nyasi, akapapasa pale alipokuwa amekaa, palikuwa bado na joto.

“Kaa hapa, mwanangu. Mzee anajua ulikokuwa.”

Akamwekea kiganjani punje za kahawa za kutafuna, kama anavyopewa anayekaribishwa, pale pale juu ya oili. Klaudia akakaa, akaufumba mkono, na kilio kikamtoka kwa sauti mpaka Mutembei kule nje akageuza tena kiti chake kuelekea mlangoni.